Dereva Aliyeisema Barabara

Waliompa jina la Redio hawakumwonea. Tangu anapowasha gari la kliniki asubuhi mpaka anapolizima jioni, mdomo wake haukujua likizo. "Ninaona baiskeli mbele, haina kioo, haijui kama nipo. Sioni nyuma ya lori la mchanga. Nitapunguza, nitampa nafasi." Hakuwa akizungumza na mtu. Alikuwa akiisema barabara, kama wengine wanavyosema na sufuria isiyotaka kuchemka, na abiria wa mara ya kwanza aliyekaa naye mbele alivuta mkanda vizuri, akidhani ameingia kwenye gari la mtu ambaye nati moja imelegea.

Abiria wenyewe walikuwa wagonjwa wa figo. Redio aliwachukua majumbani, akawapeleka kliniki kusafishwa damu, kisha akawarudisha. Mtu akitoka kwenye ile mashine huwa mwepesi kama nguo iliyokamuliwa. Kichwa kinazunguka, mkono uliochomwa sindano hautaki kuguswa, na breki moja ya ghafla inaweza kumtapisha au kumwangusha mapajani mwa jirani. Hilo Redio alilijua, na lilimkaa moyoni kuliko mshahara.

Kuisema barabara alikutoa kozini. Zamani kidogo kliniki iliwapeleka madereva wake wote kusomea udereva wa juu, na mkufunzi wao alikuwa mama mmoja mfupi, aliyekalia mto ili aone juu ya usukani, ambaye kabla ya hapo aliendesha magari ya zimamoto. Mama huyo hakuwa na habari na mbwembwe. Hakuwafundisha kuserereka wala kugeuza gari kwa mkono mmoja, jambo lililowavunja moyo baadhi yao. Aliwaambia waseme.

"Macho yana uongo," aliwaambia. "Yanakaa wazi, mnadhani yanafanya kazi. Mdomo ndio msimamizi wake. Sema unachokiona, sema usichokiona, sema utakachofanya. Na ukishindwa kumaliza sentensi kabla jambo halijakufikia, ujue unakwenda mbio kuliko akili yako."

Wote walisema, wakafaulu, wakapewa vyeti. Siku ya pili yake vyeti vikatundikwa ukutani na madereva wakarudi kuendesha kama walivyozaliwa. Redio peke yake ndiye aliyeendelea. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Aliona tu kwamba akisema anachoka kidogo zaidi mdomoni na kidogo sana moyoni, na kwamba zile safari za kukunja ngumi na kumtukania mtu mama yake zilikuwa zimemtoka bila kuaga. Akaanza kusema hata akitembea kwa miguu kwenda kununua mkate. Akasema jikoni: "Ninaona sufuria ya moto, sioni aliyeko nyuma ya mlango, nitasubiri." Siku moja mkewe alimpokea mlangoni akiwa amefura, na Redio, kabla hajajizuia, akasikia mdomo wake ukisema, "Ninaona mama amekunja uso. Sioni sababu. Nitapunguza mwendo." Mkewe alitaka kuendelea kununa akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini, na hasira yenyewe ikapotea hapo hapo.

Miaka ikapita hivyo, na ule uliokuwa mtihani ukawa tabia. Gari lililoegeshwa, Redio hakulitazama mwili, alitazama magurudumu ya mbele kama yamegeuka. Lori likisimama, alichungulia chini yake kutafuta miguu ya mtu anayevuka upande wa pili. Kwenye kona ya maduka alisoma vioo vya madirisha, vikamwambia kinachokuja kabla hakijatokeza. Na alipotaka kusimama, alikanyaga breki mapema, kisha mwishoni kabisa akailegeza, gari likatua bila kunyanyua pua. Kipimo chake kilikuwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye akitoka kwenye mashine hulala fofofo na kichwa kwenye kioo cha dirisha. Mwalimu akiamka kabla ya kufika kwao, Redio alijihesabu ameendesha vibaya, na jioni hiyo hakula kwa raha.

Nyuma ya Redio, kiti cha dirishani, alikaa Bibi Simu. Enzi zake alikuwa opereta wa simu, zile za kuchomeka waya, na bado aliongea kama mtu anayekuunganisha na mji wa mbali. Kisukari kilimchukulia macho, baadaye kikaja kudai na figo. Alihamia mji huu kwa binti yake akiwa tayari haoni, kwa hiyo mji mzima hakuwahi kuuona hata siku moja. Mjukuu wake alimshika mkono mpaka mlangoni mwa gari, na kuanzia hapo alimtegemea Redio.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, fungua matangazo."

Redio alidhani anataniwa kama anavyotaniwa na wengine. Alicheka, akawasha gari, akaanza kusema.

Kisha sauti ikaanza kumkwaruza. Kwanza asubuhi, kisha mchana kutwa, mwisho ikawa inakatika katikati ya neno kama bomba lililoingiwa na hewa. Daktari wa koo akamkuta na kivimbe kwenye nyuzi za sauti, akakikata, akampa amri: mwezi mzima asitoe neno. "Hata kunong'ona usinong'one. Kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Na baada ya hapo tutaona. Sauti inaweza kurudi yote, inaweza kurudi nusu. Sikuahidi kitu." Redio akaitikia kwa kichwa, maana afanye nini.

Kukaa kimya nyumbani hakukumsumbua sana. Mkewe ndiye aliyesumbuka. "Nyumba imekuwa kama ofisi siku ya mapumziko," alilalamika, yeye yule aliyekuwa akiomba usiku na mchana apate utulivu. Kilichomtisha Redio kilikuwa kingine. Siku moja aliazima gari la shemeji yake ajaribu kuendesha kimya. Akaenda mpaka sokoni, akazunguka, akarudi. Hakumgusa mtu, hakupigiwa honi. Lakini alipozima gari mbele ya nyumba, akagundua hakumbuki hata kidogo alivyoupita mzunguko wa sokoni. Alikuwa na macho wazi, na hakuona. Akakaa pale kwenye usukani, jasho likimtoka mgongoni. Kumbe udereva wake wote ulikuwa mdomoni! Na mdomo ule, kwa maneno ya daktari mwenyewe, huenda usirudi.

Akamwandikia ujumbe msimamizi wa magari kwamba hawezi kuwabeba wagonjwa. Msimamizi huyo walimwita Mama Funguo kwa sababu ya rundo lililoning'inia kiunoni mwake na kumtangaza kabla hajafika. Naye hakubishana. Akampa Redio kazi ya kupanga vipuri stoo, gari akapewa dereva mwenzake waliyemwita Mguu, mtu mwema asiye na kisirani na yeyote, isipokuwa mguu wake wa kulia ulikuwa mzito na mwenyewe alikiri. "Jamani mnisamehe," aliwaambia abiria kila baada ya breki. Walimsamehe, lakini walifika nyumbani wamejishika matumbo. Mwalimu mstaafu akaacha kulala. Alikaa wima njia nzima amekamata kiti cha mbele, macho kodo, na akishuka alionekana mgonjwa kuliko alivyopanda.

Bibi Simu ndiye aliyechoka kwanza. Alimwomba nesi ampeleke ofisini kwa Mama Funguo, akakataa kiti.

"Namtaka dereva wangu."

"Bibi, dereva wako hana sauti."

"Nilimwomba aimbe?"

"Mwenyewe ndiye aliyekataa. Anasema bila kusema hawezi kuendesha."

Bibi Simu aliigonga sakafu kwa fimbo yake. "Basi mwite. Twende naye safari moja, na wewe ukae mbele. Akishindwa, mimi mwenyewe nitamwambia apumzike, na sitakusumbua tena."

Mama Funguo hakuwa mtu wa kuburuzwa, lakini malalamiko ya matumbo yalikuwa yamejaa mezani kwake. Akakubali, kwa sharti: safari moja tu ya kuwarudisha wagonjwa wa mchana. Akiona wasiwasi hata kidogo, Redio atakabidhi ufunguo moja kwa moja, na akipona atatafutiwa kazi nyingine isiyo ya usukani. Redio aliposikia hayo akataka kukataa kwa mikono miwili. Mikono ikamwishia njiani. Alikuwa amewaona abiria wake wamesimama mlangoni, wamejifunga mashuka ya kliniki mabegani, wakimtazama kama watu waliokuja kumpokea stendi. Akauchukua ufunguo.

Mwalimu alipanda, akaegemeza kichwa kwenye kioo kwa tahadhari, jicho moja wazi. Mama Funguo alikaa mbele, mkono mmoja kwenye dashibodi. Redio akarekebisha vioo, akavuta mkanda, akafungua mdomo kwa mazoea, akaufunga. Gari likatoka getini kimya kama maji mtungini.

Hawakufika hata kwenye kibao cha kwanza. Kutoka nyuma ya shingo yake sauti ya opereta ikasikika, safi, kila neno na mahali pake:

"Simwoni muuza magazeti nyuma ya nguzo. Simwoni mtu wa pikipiki anayetoka kituo cha mafuta bila kutazama."

Mama Funguo akageuka, funguo zikalia. "Bibi, samahani. Kwani wewe unaona?"

"Sioni. Ndiyo maana nimechukua sehemu ya 'sioni'." Bibi Simu hakugeuza hata uso. "Ya kuona ni yake, ana macho. Ya kufanya ni yake, ana miguu. Hii iliyobaki, mwanangu, kilichojificha nyuma ya lori wewe unakiona?"

"Sikioni."

"Basi tuko sawa."

Gari zima likacheka, kile kicheko dhaifu cha watu waliotoka kwenye mashine. Mtu mmoja nyuma akasema, "Leo tumekwisha! Dereva hasemi, msemaji haoni. Afadhali sisi wa figo," na wakacheka tena mpaka mmoja akaomba wamwonee huruma, mkono unamuuma.

Redio hakucheka. Alikuwa ameshikwa na kitu kingine. Bibi Simu alikuwa akiitaja barabara yote, kipande kwa kipande, kwa maneno yake yeye Redio. Aliijua kwa mizunguko ya gari, kwa tuta lililoinua kiti chake, kwa harufu ya gereji na ya duka la mikate. "Simwoni mtoto katikati ya magari ya shule. Siuoni mlango wa gari unaofunguka mbele ya duka la dawa." Miaka yote ile alidhani anajisemea peke yake. Kumbe kila neno liliokotwa, likafutwa vumbi, likawekwa. Macho yalimlowa, akayafikicha haraka kwa kiwiko, maana wakati ule aliyahitaji.

Na jambo la ajabu likatokea. Bibi Simu aliposema "sioni", ndani ya kichwa cha Redio kitu kilijibu "ninaona". Ninaona miguu miwili chini ya basi la shule. Ninaona gurudumu limegeuka. Nitasubiri. Hakikuwa na sauti, lakini kilikuwa na sentensi nzima, zenye mwanzo na mwisho, na zilimalizika kabla jambo halijafika. Akashusha pumzi iliyokuwa imemkwama tangu getini.

Walipokaribia yadi ya vyuma chakavu, ile yenye ukuta mrefu wa mabati ulioficha kila kitu, Bibi Simu alisema, "Siuoni mkokoteni." Ni maneno ambayo Redio aliyasema hapo kila siku, na kila siku hapakuwa na mkokoteni. Madereva wengine walimcheka kwa hilo. Lakini mguu wake ulikuwa umeshatoka kwenye mafuta kabla Bibi hajasema, kwa sababu chini ya geti, pale ambapo mabati hayafiki ardhini, kivuli kilikuwa kimehama.

Mkokoteni ukatoka. Ulikuwa umejaa mabomba na milango ya friji mpaka juu, na aliyeusukuma alikuwa nyuma yake ameinamisha kichwa, hana hili wala lile. Ulikata barabara yote. Redio alikuwa ameshatazama kioo, ameshaanza kukanyaga, taratibu, kisha zaidi, kisha mwishoni akalegeza. Bomba lililochomoza mbele lilipita karibu na taa kiasi cha kuisalimia. Msukumaji hakujua kitu. Alivuka, akaendelea na safari yake, akipiga mluzi.

Mama Funguo alikuwa ameutoa mkono kwenye dashibodi na kuuweka mapajani, na hakuonekana kukumbuka ameutoa lini. Mwalimu mstaafu alikoroma.

"Kwani," Bibi Simu aliuliza, akigeuza sikio, "tumesimama au tunakwenda?"

"Tumesimama, Bibi," alisema Mama Funguo.

"Tangu saa ngapi?"

Mama Funguo alimtazama Redio, akamtazama mwalimu aliyelala, akairudia tena barabara iliyokuwa tupu mbele yao. Alikuwa mtu mgumu wa kusifu. "Twende, dereva," alisema, na neno lile la mwisho alilitia uzito. Walipomaliza kuwashusha wote, alimwachia ufunguo bila kusema zaidi, akashuka, funguo nyingine zikilia mpaka ofisini.

Redio akarudi kwenye gari lake. Kwa siku zilizobaki za amri ya daktari, Bibi Simu alisema na yeye akaona, na wagonjwa wengine wakadandia. Mwenye kiti cha nyuma akajitwalia matuta, mwingine akachukua mbwa. "Simwoni mbwa wa fundi cherehani," walisema kwa pamoja kwenye kona ile, na mbwa, aliyekuwa amelala barazani kama kawaida, aliinua sikio moja. Nyumbani Redio alimsimulia mkewe kwa mikono mpaka akaangusha glasi. Alimshukuru Mungu, akamshukuru yule mkufunzi mfupi aliyekalia mto, ambaye Redio hakujua hata anaishi wapi siku hizi. Kuna shukrani zinazomjaa mtu na hazina pa kwenda, na yeye alikuwa nazo za kutosha kugawia majirani.

Amri ilipoisha, daktari alimchungulia koo, akaridhika nusu. Sauti ilikuwa imerudi, nzito kidogo na yenye mchanga, lakini haingestahimili kazi ya zamani. "Kutwa nzima usahau," alisema daktari. "Una maneno machache kwa siku. Yatumie vizuri."

Redio alitoka pale akiyawaza maneno yake kama mtu mwenye nauli ya kwenda tu. Njia nzima alipanga hotuba ya kumshukuru Bibi Simu. Aliipanga vizuri, ina mwanzo, ina katikati. Asubuhi iliyofuata mjukuu akamleta Bibi mlangoni, Redio akamshika mkono, akasema, "Shikamoo, Bibi."

Bibi Simu alisimama, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

"Marahaba," alisema polepole. "Umerudi. Umerudi na sauti ya baba yako mkubwa, lakini umerudi." Akapanda, akakaa, akafunga mkanda. "Haya, fungua matangazo."

"Siwezi kusema yote tena, Bibi. Daktari kanipimia maneno. Ya hatari nayasema kichwani, yanakaa huko yenyewe siku hizi."

"Sawa. Afadhali." Alicheka kidogo. "Maana nitakwambia kweli, mwanangu. Mji wenu huu nilikuwa nauogopa. Tangu nimekuja, kila siku ni mtoto atakayeruka, mbwa atakayekatiza, mlango utakaofunguka. Nikawa najiuliza, hawa watu wanaishije? Hakuna hata kitu kimoja kimekaa tu?"

Hotuba yote ikamtoka Redio kichwani. Aliwasha gari. Alitazama vioo, akatazama chini ya gari lililoegeshwa mbele, akatoka. Miaka yote amempa bibi huyu mji, na mji aliompa ulikuwa wa kuogofya mtupu. Hakuwahi kumpa hata ua moja.

Walipofika kwenye shule, alimaliza kichwani yote ya kumaliza: hakuna miguu chini ya basi, mlinzi ameshika watoto upande wake, barabara ni nyeupe. Akapunguza mwendo hata hivyo.

"Upande wako wa kulia, Bibi," alisema, kwa ile sauti yake mpya yenye mchanga. "Ukuta wa shule. Watoto wameuchora samaki, wakubwa, wa rangi ya machungwa. Mmoja wamemvika kofia. Si hatari."

Bibi Simu aliugeuza uso wake upande wa kulia, kwenye kioo, akauacha huko.

Nyuma yao gari likapiga honi.

"Nani huyo?"

"Mtu ana haraka, Bibi. Nimemwona."

"Mpe nafasi apite," alisema Bibi Simu, bado ameuelekeza uso dirishani. "Halafu nirudishe kwa yule wa kofia."